Dikoda ya Bure na Antena ya Mezani: Kama Uko Garsen, Soma Hii Kabla Hujatoa Ganji

Rudi nyuma kidogo hadi Agosti 2025, wakati wa CHAN. Ryan Ogam anawafunga Morocco goli moja pale Kasarani, na Nairobi yote inapiga nduru. Wewe ulikuwa Garsen. Hiyo gemu uliipata vipi? Kama uko kama wasee wengi wa Tana Delta, basi ulibanana kwa kibanda cha video baada ya kulipa kiingilio, ama ulichoma bando ya simu ikakufia kipindi cha pili, ama ulisikia tu kelele kwa jirani ndio ukajua kumeumana. Na TV ya mathako iko hapo sebuleni, imefunikwa kitambaa, imegeuzwa meza ya maua ya plastiki.

AFCON ya 2027 inachezwa hapa kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa hivyo ile swali wasee huuliza pale Minjila wakingoja gari ni ya maana: naeza nunua dikoda ya bure, ile haina malipo ya mwezi, nichomeke kaantena kadogo ka mezani, na mambo yaishe?

Jibu ni ndio, lakini kuna lakini moja kubwa, na hiyo lakini ndio itaamua kama hizo thao mbili zako zitakuletea mpira ama zitakuletea screen nyeusi. Wacha tuanze na dikoda yenyewe ju hapo ndio watu huuziwa mbuzi kwa gunia.

Kama ulikuwa mtoto 2015, pengine unakumbuka tu kwamba TV ilizimika nyumbani na wazee wakanuna. Ilikuwa hivi. Dunia ilikuwa imekubaliana kwamba kufika tarehe 17 Juni 2015, nchi nyingi za upande wetu ziachane na mitambo ya analojia. Kenya ikaanza mapema, na katikati ya Februari 2015 mitambo ya zamani ikazimwa. Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani karibu wiki tatu kwa sababu ya mvutano kati ya wenye stesheni na serikali, zikarudi mapema Machi. Tangu hapo, TV ya zamani peke yake haioni kitu. Inahitaji kisanduku cha kutafsiri mawimbi ya dijitali hadi picha inayoielewa. Hicho ndicho dikoda, ama king'amuzi ukitaka Kiswahili cha taarifa ya habari.

Kwa nini walihama? Nafasi ya hewani ambayo zamani ilibeba stesheni moja, sasa inabeba zaidi ya kumi. Hewa ni kama matatu, na dijitali ni yule makanga anayejua kupanga watu.

Sasa shika hii vizuri. Kenya inatumia mfumo unaoitwa DVB-T2. Hiyo "2" ndio ya maana. Kuna visanduku na TV zimeandikwa DVB-T peke yake, bila mbili, na hizo hapa kwetu ni mapambo. Hapo ndio watu wa TV za mtumba kutoka Uingereza huumia. Unauziwa kitu kisafi, kioo kikubwa, muuzaji anakuapia ni "dijitali kabisa", na ni kweli ni dijitali, lakini nyingi za zamani za huko ni DVB-T ya kwanza. Kama imeandikwa Freeview HD, hiyo ina T2 ndani. Kama imeandikwa Freeview tu, jua utahitaji dikoda bado. TV zilizotengenezwa kwa soko la Marekani nazo ziko na mfumo tofauti kabisa, ATSC, kwa hivyo ile shangazi yako wa Boston alituma kwa kontena, pole.

Lakini pia cheki kitu kingine kabla hujanunua dikoda yoyote: pengine huihitaji. TV nyingi mpya zinazouzwa Kenya siku hizi ziko na DVB-T2 ndani tayari. Geuza TV, angalia stika ya nyuma, ama katoni kama bado unayo. Ukiona DVB-T2, wewe unahitaji antena pekee. Nimeona msee akinunua dikoda ya kuweka juu ya TV ambayo ilikuwa na dikoda tumboni. Duka halikumwambia. Duka litakuambia kwa nini?

Kama unahitaji kisanduku, uliza maswali matatu pale dukani bila aibu. Moja, ni ya bure kabisa ama ina kadi na malipo ya mwezi? Kuna dikoda za kampuni za kulipia ambazo huuzwa rahisi mpaka unashangaa, na urahisi wake uko hapo tu mlangoni, baadaye ndio unalipa kila mwezi. Mbili, imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ile CA? Tatu, na hii ndio ya watu wa Delta hasa: inakula volti ngapi?

Hiyo ya tatu wacha niieleze. Stima ya gridi haijafika kila boma huko Tana River, na ndio maana kaunti hii iko kwa zile 14 za mradi wa serikali wa sola, KOSAP. Kama nyumbani mnatumia sola, tafuta dikoda ambayo adapta yake imeandikwa 12V. Hiyo unaeza kuilisha kutoka kwa betri ya sola bila kupitia invata, na invata hula moto wa betri bure tu ikijipasha. Lakini usiunganishe kwa paneli moja kwa moja, ju paneli jua likiwaka hupandisha volti na hiyo dikoda itadedi siku ya kwanza. Pitisha kwa betri na kidhibiti chake. Na hakikisha chanya iko kwa chanya. Kuna dikoda nyingine ni za 5V, hizo ukizipa 12 utasikia harufu tu.

Haya, sasa ile lakini.

Antena ya mezani ni kitu poa sana ukiwa karibu na mnara. Pale Mombasa msee anaweka kwa dirisha, anapata stesheni mob, maisha yanaendelea. Lakini mawimbi ya TV husafiri kama tochi, sio kama maji. Yanaenda mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Ukienda mbali vya kutosha, dunia yenyewe inajikunja kati yako na mnara, unabaki chini ya kivuli.

Tupige hesabu, si ngumu. Chukulia mnara una urefu wa mita 100, na antena yako iko juu ya paa, mita sita kutoka chini. Kwa ardhi tambarare, hizo mbili zitaonana mpaka umbali wa kilomita 50 hivi. Ukishusha antena mpaka mezani, mita moja kutoka chini, inakuwa 45 kwenye makaratasi. Kihalisi inakuwa chini ya hapo sana, ju mawimbi lazima yapite ukuta, mwembe wa jirani, na kabati ya vyombo. Mimi ukiniuliza, antena ya mezani ni ya mtu aliye ndani ya kilomita 15 ama 20 za mnara. Ikizidi hapo unacheza bahati nasibu.

Sasa toa ramani. Malindi iko kusini ya Garsen, karibu kusini kamili, na ukipima hewani ni kama kilomita 105. Lamu iko mashariki, kama 87. Hola iko kaskazini, kama 86. Umeona? Hata kukiwa na mnara wa mita 100 Malindi ama Lamu, antena yako ya mezani pale Garsen haiwezi kuuona. Sio kwamba antena ni mbovu, ni dunia imejikunja. Kwa hivyo yule anayekuuzia antena imeandikwa "kilomita 500" kwenye boksi anakuuzia hadithi. Hakuna plastiki ya thao moja inayoweza kunyoosha dunia.

Hiyo inamaanisha kitu kimoja: antena ya mezani itakufaa tu kama kuna mtambo karibu na pale unaishi. Na namna ya kujua si kuuliza muuzaji, ni kutembea. Zunguka mtaa, inua macho. Ukiona antena za paa zote zimeelekea upande mmoja, hapo ndipo mawimbi yanatoka. Angalia pia vijiti vyake: vimelala ama vimesimama? Yako nayo ilale ama isimame vivyo hivyo, ju ukikosea hapo unapoteza nguvu nyingi bila sababu. Alafu gonga mlango, uliza jirani anashika stesheni ngapi na antena iko juu kiasi gani. Watu wa Garsen wanaongea, utapewa na chai. Kama majirani wote wana madishi na hakuna hata antena moja ya paa, umeshapata jibu lako bila kutumia hata mbao.

Njia bora zaidi ni kuazima. Omba dikoda na antena ya mtu kwa nusu saa, jaribu kwako kabla ya kununua. Inatosha.

Kuunganisha sasa. Waya wa antena unaingia kwa tundu limeandikwa ANT IN ama RF IN. Kuna lingine linafanana nalo limeandikwa OUT au LOOP, wengi huchomeka hapo alafu wanarudisha dikoda dukani na matusi. Kutoka kwa dikoda kwenda kwa TV, tumia HDMI kama TV ni mpya, ama ule waya wa rangi tatu, manjano, nyeupe na nyekundu, kama ni ile ya mgongo mkubwa. Chukua rimoti ya TV uhamishe hadi HDMI au AV. Ukiona maandishi ya dikoda kwenye kioo, uko fiti.

Ingia menyu, weka nchi Kenya, alafu kuna mahali pameandikwa nguvu ya antena, kwa kawaida "Antenna Power" ama "5V". Hii watu wengi hawaijui na ndio huwaokoa. Antena nyingi za mezani zina kikuza mawimbi ndani, na hicho kinahitaji moto kidogo kutoka kwa dikoda. Usipoiwasha, kikuza kimelala na antena inakuwa mbaya kuliko kipande cha waya. Kama antena yako haina kikuza, iache imezimwa.

Bonyeza kutafuta stesheni kiotomatiki, ungoje. Ikileta sifuri, usitupe rimoti. Nenda kutafuta kwa mkono. Masafa ya TV ya dijitali yanaanzia chaneli 21 hadi 48, yaani megaherzi 470 mpaka 694. Pitia moja moja ukiangalia ile mistari miwili chini: moja ni "Strength", nyingine "Quality". Wasee huangalia ya kwanza. Wewe angalia ya pili. Nguvu inaweza kuwa juu kwa sababu kikuza kinakuza kelele, na kelele ikikuzwa ni kelele kubwa tu. Ubora ukipanda hata kidogo kwenye chaneli fulani, simama hapo, anza kusogeza antena polepole. Sogeza, ngoja sekunde tatu, angalia. Dijitali hukawia kujibu, si kama zamani ulikuwa unazungusha nguzo na dada yako anapiga kelele "hapo hapo, usiachilie!"

Na hapo kuna tofauti nyingine inafaa uijue. Zamani mawimbi yakiwa hafifu ulipata chenga, lakini mpira unauona, sauti iko. Dijitali haina huruma hiyo. Ni picha safi kabisa, alafu vipande vipande, alafu giza. Kwa hivyo ukiona picha inagandaganda usijipe moyo kwamba "iko karibu". Uko ukingoni, na upepo kidogo tu utakuangusha.

Mahali pa kuiweka ndani ya nyumba ni stori nzima. Kama nyumba yenu imeezekwa makuti, uko na bahati kuliko tajiri wa mabati. Makuti makavu mawimbi hupita. Mabati ni ukuta wa chuma, mawimbi yanagonga yanarudi. Kwa nyumba ya mabati, antena iende dirishani, upande ule wa mnara, juu uwezavyo, mbali na TV na mbali na taa za bei rahisi za LED ambazo huchafua hewa. Mvua ikinyesha makuti yakalowa, usishangae stesheni moja ikitoroka.

Usiku nao una vituko. Misimu ya joto, hewa ikiwa imetulia, upande huu wa Pwani unaweza kushika stesheni kutoka mbali sana saa tatu usiku, ukafurahi, ukawaambia watu, na asubuhi hakuna kitu. Si uchawi, ni tabaka la hewa yenye joto juu ya hewa baridi, linayakunja mawimbi yafuate mgongo wa dunia. Usinunue vifaa kwa sababu ya usiku mmoja wa namna hiyo. Jaribu mchana, saa nane hivi. Ikishika mchana, itashika.

Kama ya mezani imekataa, hatua inayofuata ni antena ya nje, ile ya miba ya samaki, juu ya boriti refu. Huku boriti si shida. Ipandishe, funga waya usichezecheze, na maungio uyazungushie tepu vizuri, hasa kama uko upande wa Kipini ambako chumvi hula kila kitu. Iwe mbali na nyaya za stima, mbali kabisa, hata ikianguka isiziguse. Na radi zikianza, chomoa waya wa antena kutoka kwa dikoda. Kwa simu, dira itakuonyesha upande: kusini ni Malindi, mashariki ni Lamu, kaskazini ni Hola. Elekeza, pima ubora, kaza.

Kabla hujatoa ganji ya antena ya nje, unaeza kujaribu ya kujitengenezea. Vipande viwili vya waya wa shaba, kila kimoja sentimita 12, vimenyooka pande mbili kama mikono, kimoja kimeungwa kwa waya wa katikati wa kebo na kingine kwa ile ngozi ya nje. Urefu huo si wa kubahatisha, katikati ya masafa yetu wimbi moja ni kama nusu mita, na nusu ya hiyo ni mikono yako miwili. Itakuonyesha kama kuna kitu hewani ama hakuna, na inakugharimu karibu sufuri.

Na kama hata hiyo ya nje haioni kitu? Basi usipigane na jiografia. Hapo ni dishi. Kuna dishi za bure pia, bila malipo ya mwezi, lakini dikoda yake ni nyingine, DVB-S2, ile ya T2 haitakubali. Stesheni za wazi huko juu nyingi ni za kigeni na za dini, na orodha hubadilika, kwa hivyo mwambie fundi akuonyeshe picha ya stesheni unayotaka wewe, kwa macho yako, ndio umlipe. Asikuambie "itaingia kesho".

Kuna kitu kingine hakihusu mpira. Garsen iko chini kabisa ya Tana, na mto huo hauanzi hapo. Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya Masinga na Kiambere yakijaa, maji huteremka siku kadhaa kabla ya kuwafikia. Mlioona mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya 2024 mnajua hizo siku kadhaa zina thamani gani: ni mbuzi mmehamisha ama hamjahamisha. Tahadhari za mabwawa hutangazwa kwa taarifa ya habari, na bando huisha wakati mbaya. Redio ndogo ya betri bado ndio mfalme hapo, sitakudanganya. Lakini dikoda ya 12V na kaantena ka mezani huingia kwa mkoba mmoja, unahama nayo mpaka kwenye tuta, unachomeka kwa betri ileile ya sola, na familia tatu zinaona ramani ya mvua kwa pamoja. Dishi huwezi kuhama nalo hivyo.

Ukishapata stesheni zako, mambo mawili ya haraka. Kila miezi michache tafuta upya, ju stesheni huhama masafa na mpya huingia bila kukuambia. Alafu angalia mbele ya dikoda kama kuna tundu la USB. Nyingi hukubali flashi na kurekodi, kwa hivyo ukitumwa malisho ama shamba saa ya gemu, mwachie mdogo wako maagizo. Mfundishe kitufe chekundu mapema, si dakika tano kabla ya mpira kuanza.